Kilo Hamsini na Nane

Kwenye mlima ule kulikuwa na kona moja ambayo familia ile iliiita Kona ya Mvuke. Jina hilo halikuandikwa kwenye kibao chochote. Walilitoa wenyewe, karibu mwezi mmoja nyuma, siku gari la Baba lilipochemka pale katikati ya kupanda, mvuke ukafoka chini ya boneti kama chungu kilichosahauliwa jikoni. Baba alikaa kiti cha mbele saa tatu nzima, miguu imevimba, pumzi fupi fupi, akisubiri rejeta ipoe ili afikishwe kwenye mashine ya kusafishia damu iliyokuwa upande wa pili wa mlima. Walipofika hospitali, muuguzi alimtazama mgonjwa, akamtazama binti aliyekuwa ameshika funguo za gari, akasema neno moja tu.

"Mmechelewa."

Hakulisema kwa ukali. Ndiyo maana liliuma.

Baba alilazwa majuma matatu. Figo zake zilikuwa zimechoka kabisa, na mashine ya hospitali ya karibu na nyumbani ilikuwa imekufa tangu mwanzo wa mwaka. Daktari alimwambia binti, wakiwa wamesimama kwenye ukumbi, kwamba mzee akitoka atakuwa akirudi kila Jumatatu na Alhamisi, saa nne asubuhi. Kiti kilikuwa kimoja na waliokingoja walikuwa wengi. Akichelewa, kiti kinapewa mwingine mpaka zamu ijayo.

"Na mwili wake," daktari alimalizia, "hauna subira ya kungoja zamu ijayo. Safari hii alipona. Safari nyingine sikuahidi."

Basi la abiria lilikuwepo, lakini lilizunguka kwa njia ya tambarare, likafika mchana jua la utosi. Kwa hiyo lililobaki lilikuwa gari la nyumbani na mlima.

Gari lenyewe lilikuwa saluni ya milango minne, rangi ya maziwa, lenye umri wa kumzaa huyo binti. Watoto wote wa nyumba ile waliliita Bibi. Binti alikuwa amejifunza kusoma herufi kwenye dashibodi yake, na sasa alikuwa na shahada ya uhandisi isiyotimiza hata mwaka, imefungwa ndani ya bahasha juu ya kabati. Aliamini, kama wanavyoamini wengi wa umri wake, kwamba tatizo likipimwa vizuri limeshatatuliwa nusu. Aliporudi kutoka hospitali siku ile, hakuingia hata ndani. Alinyoosha moja kwa moja hadi kwenye gereji ya Mjomba, mdogo wake Mama, aliyekuwa amelala chini ya lori, miguu tu ndiyo inayoonekana.

"Mjomba, nataka tumbadilishie Bibi injini. Na breki, na springi, na shokapu. Baba anatoka baada ya majuma matatu."

Miguu ilijikunja. "Unataka kumvalisha ajuza raba, akimbie mbio za vijana."

"Sitaki akimbie. Nataka apande bila kuchemka na ashuke bila kutuua."

"Kupanda nitakupa mimi. Kushuka ni kazi ya Mungu."

"Kushuka ni kazi ya breki."

Mjomba alijivuta nje, uso mweusi kwa grisi, akamtazama mpwa wake kwa muda. "Haya, Bi Shahada," alisema. "Lete huyo bibi yako."

Injini waliipata kwenye gari la kusambazia mikate lililokuwa limegongwa ubavuni. Ilikuwa ya kampuni ileile, ila kubwa zaidi kwa karibu nusu. Mjomba aliifungua, akabadilisha ringi na gasketi, akachonga vishikizo vipya vya kuiketisha mahali pake. Ile ya zamani ilipotolewa na kuwekwa sakafuni, ilionekana ndogo mno, na binti akashangaa jinsi kitu kidogo hivyo kilivyoweza kuwabeba wote miaka yote ile, na mizigo, na ugomvi wa kiti cha dirishani.

Waligombana kila siku. Mjomba alitaka kuwasha injini ausikie mlio wake; binti alikataa kuiwasha mpaka breki zikamilike.

"Ngoma ikivuma sana hupasuka, Mjomba."

"Na isiyovuma kabisa inaitwa stuli."

Lakini alimsikiliza. Walifunga rejeta pana yenye feni mbili. Walifunga breki za diski mbele, shokapu mpya pande zote, springi ngumu kidogo kuliko za kwanza, na fimbo ya chuma ya kuzuia gari lisilale kwenye kona. Binti alitoa kila kitu alichoona hakina kazi: reli za kubebea mizigo juu ya paa, spika za nyuma zilizokwisha kuwa bubu, hata kisahani cha majivu. Kila alipoingia ndani kunywa maji, Mama alimkuta akitikisa kitu mkononi na kusema maneno yaleyale: "Kila kilo ni adui wa mlima, Mama. Kila kilo."

"Basi na wewe punguza wali," Mama alimjibu siku moja, na Mjomba akacheka mpaka akaangusha spana.

Juma la tatu binti aliazima mizani nne kutoka ghala la nafaka la jirani, zile za sahani pana za kupimia magunia. Wakalipandisha gari juu yake, kila tairi na mizani yake. Aliandika namba kwenye daftari lake lenye jalada la bluu, kisha akazilinganisha na kitabu cha gari. Mbele palikuwa sawa na alivyotegemea, ukijumlisha injini mpya. Nyuma palizidi kwa kilo hamsini na nane.

Alipima tena. Hamsini na nane.

"Nyuma kuna nini, Mjomba? Kuna uzito hapa sijui umetoka wapi."

"Mabati yangu hayo!" Mjomba alisema kwa fahari, akigonga sakafu ya buti. "Kutu ilikuwa imekula kote huku. Nimeunga mara tatu. Mimi nikiunga nimeunga."

Kilo hamsini na nane za mabati zilikuwa nyingi. Binti aliliona hilo. Lakini jua lilikuwa linazama, mwenye ghala alikuwa amesimama mlangoni akizitaka mizani zake, na Mjomba alikuwa anatabasamu. Akaandika kando ya namba: mabati ya Mjomba. Namba ilikuwa imekuja kumwambia jambo, naye akaifungia mlango kwa upole.

Kutokana na uzito huo alirekebisha springi za nyuma. Kutokana na uzito huo pia alipanga kile kifaa kidogo alichokifunga kwenye bomba la breki, valvu yenye kishikio cha kuzungusha, inayogawa nguvu kati ya matairi ya mbele na ya nyuma. Hilo lilikuwa jambo la kufa na kupona. Ukifunga breki kwa nguvu, matairi ya mbele yanapaswa kukaza kwanza. Ya nyuma yakitangulia, kama yanavyofanya yakikosa uzito wa kuyakandamiza chini, mkia wa gari hutaka kukipita kichwa. Alifunga breki mara thelathini na moja kwenye barabara tupu ya nyuma ya ghala, akizungusha kishikio kidogo kidogo, Mjomba amechuchumaa kando akitazama matairi na kupiga kelele, "Mbele! Nyuma! Mbele!" mpaka Bibi akawa anasimama wima kama askari wa gwaride.

"Sasa hata mimi nitamwoa," Mjomba alisema.

Ijumaa, gari la hospitali lilimrudisha Baba. Alikuwa amepungua, shati linamning'inia mabegani, lakini kabla hajakaa alizunguka gari lake kwa fimbo yake, taratibu. Alikuwa ameliendesha miaka zaidi ya thelathini. Alipofika nyuma alisimama, akaegemea bampa kwa kiganja, akalisukuma chini, akaliachia.

"Nyuma mmepima?"

"Kila tairi na mizani yake, Baba."

"Ah." Akaitikia kwa kichwa, kama mwalimu aliyepata jibu alilolitaka. "Basi vizuri."

Jumatatu walitoka saa moja na nusu asubuhi. Mama alikuwa ameshapanga kila kitu kwenye buti: kiti cha kukunja, mito, blanketi, chupa ya chai. Aliufunga mlango wa Baba kwa mikono miwili, akamwegemea binti dirishani huku macho yakicheka, kama mtu aliyeficha zawadi.

"Leo mtapaa," alisema. "Utaona."

Na kweli walipaa. Binti hakuwa amewahi kuuona mlima ule ukikubali hivyo. Pale Bibi alipokuwa akihema kwa gia ya kwanza, sasa alipanda kwa ya tatu, sauti nene, tulivu, mshale wa joto umelala katikati kama paka juani. Walipoikaribia Kona ya Mvuke, macho ya binti yaliuendea mshale. Binti aliona mkono wa Baba ukisogea polepole kuelekea kwenye kishikio cha mlango. Kona ikaja, ikapita. Mshale haukusogea.

"Mh," alisema Baba.

"Mh ndiyo nini, Baba?"

"Mh ni mh. Umefanya kazi, mama."

Alimwita mama, kama alivyomwita alipokuwa mdogo na homa. Binti aliuma mdomo, akakaza macho barabarani, maana mlima hauendeshwi kwa machozi.

Karibu na kilele ukungu uliwapokea, kisha manyunyu. Lami ikaanza kung'aa. Baba alijisogeza kitini.

"Mkia mwepesi," alisema.

"Umezoea shokapu zilizokufa, Baba. Hizi mpya."

"Sikusema laini. Nimesema mwepesi."

"Tumempunguzia uzito. Ndiyo kazi yenyewe."

Baba alishika kishikio cha mlango. Mkono wake haukuondoka tena hapo.

Ilikuwa saa tatu kasoro dakika tano walipoanza kushuka. Zilibaki kilomita thelathini. Hata kwa mwendo wa kunyata wangefika saa tatu na nusu na ushei, na binti alikuwa ameshaanza kumwona moyoni yule muuguzi, akimwona yeye akiingia na mzee mkononi mapema, bila neno. Kona ya kwanza ya kushuka aligusa breki, na nyuma ya mgongo wake akahisi kitu kidogo, kama mtu aliyeketi kiti cha nyuma amejigeuza. Akajiambia ni shimo.

Kona ya pili ilikuwa kali kuliko alivyokumbuka. Alikanyaga breki, si kwa pupa, kwa kiasi kilekile alichokifanya mara thelathini na moja nyuma ya ghala. Na mkia ukaondoka.

Uliondoka bila kelele. Pua ya gari ilibaki ikitazama ndani ya kona huku nyuma kukiteleza kuelekea bondeni, na dunia yote ikapita kwenye kioo cha mbele kutoka upande mmoja hadi mwingine: ukuta wa mwamba, barabara, ukungu, hewa tupu. Alisikia sauti yake mwenyewe ikisema "hapana hapana hapana." Akaachia breki, akageuza usukani kuufuata mkia, ukarudi kwa nguvu na kupitiliza upande wa pili, akaufuata tena. Tairi moja la nyuma lilipanda kitu kigumu. Gari likatikisika, likasimama limekingama barabara.

Wipa zilikwenda, zikarudi.

"Baba."

"Nipo."

"Umeumia?"

"Nipo, nimesema. Toa gari katikati ya barabara."

Alilisogeza kando, akawasha taa za tahadhari, akashuka. Tairi la nyuma lilikuwa limegonga mawe yaliyopangwa ukingoni, na nyuma ya mawe hayo hapakuwa na kitu ila vilele vya miti, mbali, chini. Aliyashika mawe yale kwa kiganja. Yalikuwa matatu tu. Kisha akazunguka lami na kutazama alama: mistari miwili myeusi ya matairi ya nyuma, mirefu. Ya mbele hayakuwa na alama yoyote. Nyuma kumekaza kwanza. Lakini alikuwa amepima! Alikuwa amepima kila tairi!

Aliporudi dirishani, Baba alikuwa anamtazama kwa namna ya ajabu, bila hasira.

"Mama," alisema, "mchanga uko wapi?"

"Mchanga gani?"

"Mchanga wangu. Mifuko minne. Kwenye mbavu za buti, miwili huku, miwili huku, nyuma ya yale makaratasi magumu ya pembeni. Umesema umepima nyuma. Nikajua umeuona."

Binti alikwenda kwenye buti, akashusha kiti cha kukunja na mito, akaling'oa karatasi gumu la pembeni kwa kucha. Nyuma yake palikuwa na uwazi wa chuma, na chembe chache za mchanga zikimeta chini. Aliinama akaziokota kwa ncha ya kidole. Hakuhitaji mizani. Alijua zilikuwa kilo ngapi.

Simu ilishika mtandao baada ya kujaribu mara ya tatu.

"Mmefika?" Mama aliuliza, sauti ya furaha tupu. "Si niliwaambia mtapaa?"

"Mama. Ule mchanga wa kwenye buti."

"Umeona, eh? Nilitaka nisiseme! Jana nilikuwa napanga mito ya baba yako, nikaikumbuka ile mifuko. Niliishona kwa mkono wangu, miaka hiyo. Nikasema, mwanangu anahangaika mpaka na kisahani cha majivu, na huku kuna mzigo mzima umelala. Nimeumwagia kwenye bustani ya vitunguu. Si umesema kila kilo ni adui wa mlima?"

Binti alifunga macho. Ukungu ulikuwa unamlowesha nyusi. Angeweza kusema mengi, na yote yangekuwa kweli, na yote yangemvunja mwanamke aliyekuwa amebeba kilo hamsini na nane kwa mikono yake hadi bustanini kwa sababu ya mapenzi.

"Nilisema, Mama," alijibu. "Nilisema mimi. Tutakupigia tukifika."

Saa tatu na dakika tisa. Kilomita ishirini na sita, nyingi zake za kushuka, zote zimelowa.

Alifungua mlango wa dereva na kupeleka mkono chini ya dashibodi, kwenye kile kishikio cha valvu. "Ninaweza kupunguza nguvu za nyuma, Baba. Nazungusha kidogo, nyuma zisikaze."

"Kidogo kiasi gani?"

"Mizunguko miwili. Labda mitatu."

"Labda."

"Baba, hatuna muda."

"Ndiyo maana nauliza." Alikuwa anaongea polepole, akivuta pumzi kati ya maneno. "Nyumbani ulijaribu mara ngapi mpaka ikakubali?"

"Thelathini na moja."

"Na hapa utajaribu ngapi?" Alinyanyua kidevu kuelekea yale mawe matatu. "Gari lenye mchanga unalijua. Umelipima, umelisimamisha, umelizoea. Hili jingine hatujuani nalo, wala wewe wala mimi. Mwenye kupotea hurudi njia panda, mama. Rudisha mchanga."

Kiganja cha binti kilibaki kwenye kishikio. Shahada yake yote ilikuwa inamwambia kwamba chuma kinaweza kurekebishwa. Lakini kitu kingine ndani yake, na hicho pia kilikuwa hesabu, kilimwambia kwamba mzee amesema kweli: kulikuwa na gari moja tu duniani lenye vipimo alivyovijua, na gari hilo lilikuwa na mchanga.

"Mchanga nitautoa wapi huku?"

"Tulipita watengeneza barabara. Kona moja juu."

Akatimua mbio kupanda, akikumbuka kweli: bendera nyekundu, kifusi, turubai. Mshika bendera alikuwa mwanamke mnene aliyevaa koti la mvua la manjano, peke yake, wenzake wakiwa wameshuka na lori.

"Dada, naomba mchanga. Kilo hamsini na nane."

Mwanamke alimtazama kuanzia viatu. "Unajenga nini, mnara?"

"Gari letu linateleza nyuma. Nina mgonjwa. Anatakiwa kwenye mashine saa nne."

Bendera iliegeshwa kwenye kifusi kabla sentensi haijaisha. "Mifuko ya saruji ile pale mitupu. Koleo hili. Mizani sina."

"Nitajuaje kilo?"

"Ndoo hii ni lita kumi. Ikijaa mchanga uliolowa ni kilo kumi na nane, kumi na tisa. Mgongo wangu umepima miaka kumi na mmoja, haujawahi kukosea. Ukikosea unaniamsha."

Ndoo tatu, basi, na koleo moja la juu. Waliugawa kwenye mifuko minne. Mwanamke alibeba miwili kama anabeba watoto, binti miwili kama anabeba dhambi zake, wakashuka kwa kukimbia nusu nusu kwenye lami inayoteleza.

"Shikamoo mzee," mshika bendera alisema akipita dirishani, bila kupunguza mwendo.

"Marahaba, mwanangu. Miwili kila upande. Mbele kidogo ya taa."

"Nyumbani kwenu," mwanamke alimnong'oneza binti wakiibana mifuko ndani ya mbavu za buti, "nani mhandisi?"

"Nilidhani ni mimi."

Saa tatu na dakika ishirini na nane. Kabla ya kona inayofuata palikuwa na kipande cha barabara kilichonyooka, cha mita mia labda. Binti alilipa gari mwendo kidogo, akashika usukani kwa mikono miwili.

"Najaribu breki, Baba."

"Jaribu."

Alikanyaga. Kiasi kilekile. Alisubiri mtu wa kiti cha nyuma ajigeuze, na mtu huyo hakuwepo. Bibi aliinamisha pua, akasimama wima barabarani.

"Mara moja zaidi," alisema Baba.

Akafanya mara moja zaidi. Kisha akashuka mlima.

Hakushuka kwa haraka na hakushuka kwa woga. Alifunga breki kabla ya kila kona, akaachia ndani yake, akakanyaga mafuta akitoka, kama alivyomwona Baba akifanya miaka yote, yeye akiwa nyuma ya kiti chake, akidhani anatazama dirishani. Hakutazama saa. Kila alipotaka kuitazama, Baba alisema, "Barabara," kwa sauti ndogo, na kila mara sauti ilikuwa ndogo zaidi. Kwenye tambarare, paji la uso wake lilikuwa na jasho, na midomo imepauka. Alikuwa ameacha kushika kishikio cha mlango. Mikono ililala mapajani, na binti hakujua kama ni imani au ni uchovu.

"Baba, ongea."

"Niongee nini?"

"Chochote."

"Gia ya nne ina kelele," alisema. "Mwambie mjomba wako."

Muuguzi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha mashine akiwa na orodha mkononi. Ni yuleyule. Alimtazama mzee, akamtazama binti: matope hadi magotini, saruji kwenye nywele, kucha mbili zimevunjika. Kisha akatazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika sita.

"Dakika ya kumi ningemwita mwingine," alisema. Akakisogeza kiti. "Njoo, mzee. Polepole."

Haikuchukua muda damu ilikuwa inakwenda na kurudi kwenye mirija, na pampu ya mashine inazunguka. Binti alikaa sakafuni kando ya kiti, mgongo ukutani, na bila kutaka akajikuta anaisikiliza kama anavyosikiliza injini. Ilikuwa inazunguka sawasawa, haikohoi.

Rangi ilipoanza kumrudia Baba midomoni, binti aliuliza, "Kwa nini hukuniambia?"

"Gari lilikuwa kwako, mimi nilikuwa huku. Na ulisema umepima." Akajiegemeza kitini. "Na mambo mengine mtu huyasahau kuyasema. Ulikuwa na miezi saba. Tulikuwa tunakupeleka kwa nyanya yako, barabara ya matope, umelala kiti cha nyuma. Mkia ulicheza. Kidogo tu, hata hukuamka. Lakini mimi sikulala siku tatu. Nikaenda kuchota mchanga. Mfuko mmoja, najaribu. Mfuko wa pili, najaribu. Wa nne ndiyo mkia ukatulia."

"Ulijaribu mara ngapi?"

"Sikuhesabu. Sikuwa na daftari."

Simu ilitetemeka. Ilikuwa Mama, na sauti yake haikuwa tena ya furaha. Mjomba alikuwa amepita nyumbani, akasikia habari ya vitunguu, akashika kichwa, akamweleza. Binti alimwachia alie kidogo, kisha akamwambia kwamba Baba yuko kwenye kiti, kwamba wamefika, kwamba mchanga umepatikana.

"Nimeuzoa wote," Mama alisema akivuta kamasi. "Mpaka kwenye mizizi. Nimeshaanza kushona mifuko mipya. Umeingia na vitunguu viwili, sijui kama vinadhuru."

"Vitoe, Mama. Vitaharibu hesabu."

Baba alicheka kwa pua, macho yamefumbwa. Binti alilitoa lile daftari la bluu mfukoni, limelowa pembe moja, akatafuta ukurasa wa mizani nne. Akayakata kwa mstari maneno "mabati ya Mjomba." Juu yake akaandika "mchanga wa Baba," na alipofika mwisho wa mstari akanyanyua kalamu.

"Baba, kuna kitu kingine umekiweka kwenye lile gari?"

Baba alifumbua jicho moja.

"Alhamisi," alisema, "njoo na ukurasa mtupu."